Ndiyo ya Shangazi Nakijwa

Jana usiku, kabla hata shuka halijapata joto, niliota sauti zote za harusi ya shangazi zimepanga foleni jikoni kwetu, kila moja imevaa saa ya mkononi.

Sikushangaa, maana nilikuwa nimelala nikiziwaza. Shangazi Nakijwa, dada yake marehemu baba, aliolewa Jumamosi iliyopita hapa Same, baada ya miaka mingi ya ujane. Mimi nilipiga video. Sauti alirekodi rafiki yangu Mrutu kwa mashine yake ndogo, kisha akaniletea kwenye fleshi.

"Niwaeli, usiziguse," aliniambia. "Kila sauti ina saa yake ndani, na kila picha vilevile. Ziingize kwenye programu ya kuhariri kama zilivyo, zitatafutana zenyewe kwa saa hizo. Ukizipunguza ukubwa kwanza, saa zinadondoka. Utahangaika."

Lakini kompyuta yangu ilikuwa imejaa, nami nilikuwa nimeshaamua kuzipunguza.

Kilichoninyima raha ni bwana harusi, mzee Eliapenda. Masikio yake yamechoka. Kanisani, mchungaji alipomuuliza shangazi kama anakubali, shangazi aliona haya akajibu chini chini. Mzee hakusikia. Aliona watu wanapiga vigelegele, naye akatabasamu kama wenzake. Tangu siku hiyo hunipigia simu kila asubuhi.

"Niwaeli mwanangu! Ile video vipi? Nataka nivae zile spika za masikioni nimsikie mwenyewe!"

"Shikamoo mzee. Bado kidogo."

"Eti?"

Halafu hukata.

Basi, kwenye ndoto, mlango wa programu ya kuhariri uko jikoni, kati ya jiko na kabati la vyombo. Mlangoni imesimama pasi ya mkaa ya mama, imevaa koti la mlinzi. Inatoa moshi kidogo.

"Saa zote kwenye beseni," inasema pasi. "Kisha mlale chali niwapunguze."

"Wakivua saa watajuaje wakae wapi?" nauliza.

"Humu ndani kila mtu anaanzia sifuri."

Wimbo wa kwaya, mnene, umevaa joho, unavua saa bila kubisha. Pasi inaupitia mara moja, unabaki mwembamba kama leso. Kikohozi cha mzee wa kanisa kinafuata. Kisha honi ya gari la maharusi. Zote zinapita chini ya mlango kama barua.

Nachungulia, na jikoni si jikoni tena. Niko kanisani, Jumamosi ileile, watu wamejaa. Mchungaji anafungua Biblia, na kila sauti inalia kwa wakati mmoja: mahubiri, vigelegele, kwaya, mtoto anayetaka soda. Kisha kimya kabisa. Harusi nzima imeisha kusikika, na maharusi ndiyo kwanza wanapanda ngazi.

Mchungaji anapanua mdomo. Kinachotoka ni kikohozi kilichochelewa. Shangazi anapanua mdomo wake. Inatoka honi.

Mzee Eliapenda anatega sikio kwa kiganja. "Amesema nini?"

"Amepiga honi," anajibu mchungaji.

"Ni sawa na ndiyo?"

"Sijaona mahali palipoandikwa."

Nakimbia kulirudia beseni. Sasa liko madhabahuni, limejaa saa. Nachukua moja, naukimbilia wimbo wa kwaya uliolala kwenye benchi.

"Uliimba saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi," unasema wimbo.

"Mimi nasema kumi," inasema saa.

"Basi si yangu."

Najaribu kueleza kwamba saa nne ya kwetu na kumi ya mashine ni kitu kimoja. Wimbo unaniangalia kana kwamba nimelewa. Saa inasema yenyewe haijawahi kuwa nne hata siku moja. Najaribu kwa mahubiri, yananijibu hivyohivyo. Jasho linanitoka. Shangazi amesimama palepale na maua yake, anafumba na kufumbua mdomo, na kila akifumbua mzee anasogea karibu zaidi, na hasikii kitu.

Hapo ndipo navutwa suruali.

Ni Ndiyo yenyewe. Ndiyo ya shangazi. Ni ndogo kama kidole gumba, imejifunga saa kiunoni kwa sababu mkononi haikai.

"Mimi sijapigwa pasi," inanong'ona. "Nilijificha nyuma ya kopo la sukari. Nifiche."

"Nikufiche wapi?"

"Chini ya ulimi. Na usiseme neno. Ukisema, natoka, na nikitoka kabla ya wakati wangu hakuna atakayejua nilikuwa najibu nini."

Naiweka chini ya ulimi. Ina ladha ya chai ya tangawizi. Saa yake inagonga kwenye meno yangu, tik, tik.

Pasi inaingia kanisani ikiburuta koti lake. Inafuata mstari wa katikati moja kwa moja hadi kwangu.

"Imepungua moja," inasema. "Umebeba nini?"

Natikisa kichwa.

"Taja jina lako."

Sitaji. Mate yananijaa. Moshi wa pasi unanichoma macho, na ninahisi Ndiyo inatetemeka.

Mrutu yupo kwenye benchi la mbele, anakula ubwabwa kwenye sahani ya harusi. Hata hainui macho.

"Huyo hawezi kujibu," anaiambia pasi. "Huyo ni picha tu."

Pasi inanitazama toka juu hadi chini.

"Picha hazinihusu," inasema, na inamgeukia mtoto wa soda.

Natembea kwenda mbele. Kanisa linazidi kuwa refu. Napita mabenchi, napita soko la vitunguu la Same, napita mabenchi tena. Miguu inataka kukimbia, lakini nikikimbia nitahema, na nikihema itatoka. Mwishowe nafika, nasimama kati ya shangazi na mzee Eliapenda, karibu na sikio lake lenye nafuu kidogo.

Mchungaji anauliza swali lake bila sauti. Nasubiri. Saa inagonga jino moja, inagonga la pili. Midomo ya shangazi inaanza kufunguka, na mimi nafungua wangu.

"Ndiyo. Nakubali."

Ni sauti ya shangazi mwenyewe, pamoja na haya yake.

Mzee Eliapenda anashika kifua. "Ala! Kumbe ulisema!"

"Nilisema tangu Jumamosi," anajibu shangazi.

"Sema tena."

"Ndiyo. Nakubali."

"Tena, mama."

Nikasema, nikasema, mzee akilia machozi na kucheka, mpaka jogoo wa jirani akaniamsha.

Koo lilikuwa limekauka. Sikunawa hata uso. Niliwasha kompyuta, nikafuta filamu zangu zote za ngumi kupata nafasi, nikavaa spika za masikioni, nikaziingiza sauti za Mrutu kama zilivyo, bila kupunguza chochote. Zikaenda zenyewe, kila moja kwenye picha yake. Shangazi akafumbua mdomo, neno likamkuta palepale. Nikamtumia mzee kipande hicho kabla hajapiga simu.

Nilipotoka kwenda sebuleni, mama alikuwa anamimina chai. Kwa kawaida tunakunywa wawili. Mezani palikuwa na vikombe vitatu.

"Mwite na shangazi yako aje anywe, itapoa," alisema mama. "Amefika saa ngapi jana? Usiku kucha namsikia chumbani kwako, nakubali, nakubali. Ulikuwa unamuuliza nini?"