Kabla Kitovu Hakijadondoka

Loyce alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Hata siku hiyo, wodini Itigi, mwanawe njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, akiwa kifuani ndani ya kanga, alimkazia macho Dokta Evodia kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

"Kwa hiyo wengine mtawapaka mafuta ya alizeti, wengine hamtawapaka, muone kama yanazuia maambukizi ya ngozi?"

"Ndiyo, mama. Nani apakwe, ni bahati nasibu. Ukikataa, mtoto atahudumiwa vilevile."

"Ina maana hamjui?"

"Hatujui. Ndiyo maana tunafanya utafiti."

Loyce alifurahi mno. Alikuwa hajapata kumsikia daktari akikiri hajui, tena kuhusu alizeti, zao lililojaa Singida nzima! Alitamani kulijua jibu.

Mkwewe, Bi Dorkas, hakufurahi hata chembe. "Kitovu hakijadondoka. Unamsemeaje mtoto asiye na jina? Tusubiri."

Ndivyo ukoo wao ulivyozoea. Bibi humpa mtoto jina kitovu kikishadondoka. Kabla ya hapo anaitwa mgeni tu, maana mgeni anaweza kuondoka. Mtoto wa kwanza wa Loyce aliondoka hivyohivyo, na mpaka leo, akimkumbuka, mama yake hana jina la kumwitia. Hilo lilimuuma kuliko hata uchungu wa kuzaa.

"Kisheria ruhusa ya mama inatosha," daktari alisema taratibu, akimsogezea fomu ya ridhaa na kalamu.

Loyce hakuigusa kalamu. Alimgeukia mkwewe.

"Mama, wale mliowaita wageni, walibaki?"

"Wapo waliobaki."

"Na walioondoka?"

Bi Dorkas alitazama dirishani. "Wawili wangu mwenyewe."

"Kwa hiyo na sisi hatujui."

Dokta Evodia alijifanya anakagua kipimajoto. Loyce aliogopa amevuka mpaka, lakini maneno yalishatoka.

"Mimi nataka kumsemea, mama. Ila si kama mgeni. Mpe jina leo, halafu nitajibu."

Bi Dorkas alikaa ukingoni mwa kitanda. Alifunua kanga kidogo, akakiangalia kile kisogo kidogo. Akainama mpaka sikioni.

"Hosea," alisema. "Mimi ni bibi yako. Kaa."

Loyce alilia waziwazi, kisha akaomba kalamu.