Pete Imekaa Upande

Mwalimu wa fizikia alikaa kwenye stuli pembeni mwa maabara, mdomo kaufunga. Sheria ya mtihani wa vitendo ndiyo hiyo: mwalimu wa somo anakaa humo kurekebisha vifaa vikiharibika, basi. Akimsemesha mtahiniwa, matokeo ya mtahiniwa yanafutwa. Na pale meza ya dirishani, jamani, alikuwa binti yake wa kumzaa.

Mwaka jana binti alifelia hapo hapo. Akifeli tena, chuo cha uhandisi ndiyo basi tena.

Kazi yenyewe wala si ya kutisha. Sahani ya chuma inaning'inia kwenye waya. Unaizungusha kidogo, unaiachia, inakwenda na kurudi, nawe unapima muda kwa saa. Kisha unaweka pete nzito ya shaba juu yake, unapima tena. Kwa tofauti ya muda unakokotoa inesha ya pete, yaani ule ukaidi wake wa kuzungushwa. Sharti ni moja: pete ikae katikati barabara.

Binti akaiweka. Ikakaa upande.

Baba aliiona kutoka pale kwenye stuli. Sahani ilizunguka ikiyumba kama mlevi anayetafuta mlango, na mtoto kainamia saa, anahesabu kwa midomo, habari hana. Angalia juu, mwanangu, baba akaomba kimoyomoyo. Angalia tu. Msimamizi, mama mmoja mkavu wa uso, alikuwa akipita kati ya meza na macho hayatulii.

Ndipo akakohoa. Kikohozi kidogo, cha kumshtua tu. Binti akainua uso. Baba akatupa jicho kwenye pete. Wapi! Mtoto alimtazama yeye. Akakohoa tena kwa nguvu, na safari hii mate yakampalia kweli, machozi yakamtoka.

Binti akanyoosha mkono. "Samahani, mama. Mwalimu anaumwa. Naomba apewe maji."

"Mwalimu, toka nje upumzike," msimamizi akasema.

Angebisha vipi? Akatoka. Madirisha ya maabara yalikuwa yamepakwa rangi mpaka juu, hakuona kitu. Alisimama koridoni na chupa ya maji mkononi, akajiona bure kabisa.

Muda ulipokwisha, binti alitoka wa kwanza, mbio mbio.

"Baba, kifua vipi? Umenitisha."

"Mimi mzima. Wewe je? Ile pete?"

"Nilishaiona imekaa upande," akasema. "Nataka kuisogeza nipime upya, ndiyo ukaanza kukohoa. Ulipotolewa nje nikachanganyikiwa. Nikaandika namba zile zile za mwanzo, niwahi kuja kukuona."

Akamshika baba yake mkono, akamvuta kuelekea getini. "Twende zahanati. Na usinibishie."

Mwalimu hakubisha. Alimfuata, anajikohoza kidogo kidogo, mtoto asije akajua kikohozi kile kilikuwa cha ile pete.