Kushoto kwa Gari

Murugi aliacha ualimu wa chekechea ili abuni vifaa vya kuwafundisha watoto wadogo kuprogramu bila skrini. Mumewe Kinyua, fundi wa redio mjini Nyeri, alimtengenezea gari dogo la mbao. Mtoto alipanga vibao vyenye mishale: mbele, kushoto, kulia. Akibonyeza kitufe, gari lilifuata vibao hivyo kimoja baada ya kingine.

Walilijaribu kwanza katika chekechea moja ya mtaa wa Majengo. Watoto waliketi sakafuni kwa duara. Bisharo, msichana wa miaka mitano, aliweka kibao cha mbele, kisha cha kushoto, akanyoosha mkono wake wa kushoto kulipokea gari. Gari lilikuja likimtazama, likapinda upande wa pili, likamwelekea mwenzake Tabby.

"Hii gari ni mwongo," Bisharo akasema.

Kinyua akachuchumaa. "Sikiza. Imeenda kushoto yake, si kushoto yako."

"Kushoto ni huku," akajibu, mkono ukiwa bado hewani. Kisha akaenda kuketi ukutani, akakataa kugusa kibao tena.

Jioni, Kinyua alisema watoto watazoea. Alikuwa amekwisha kuchonga vibao vya shule moja ya Murang'a.

"Huyo mtoto hajakosea," Murugi alisema. "Sisi tulikuwa tunajaribu tukikaa nyuma ya gari. Wao wanakaa kila mahali."

"Kwa hivyo nitupe kazi yote?"

"Mishale ya kupinda, ndiyo."

Asubuhi, baada ya chai, Kinyua alichukua msasa, akaanza kuifuta mishale. Murugi alipaka ubavu mmoja wa gari rangi ya manjano, wa pili buluu, na vibao vya kupindia vivyo hivyo. Neno kushoto likaondoka.

Waliporudi Majengo, Bisharo alibaki ukutani akitazama wenzake. Baadaye alisogea, akalizunguka gari, akagusa ubavu wa manjano. Akapanga mbele, manjano, mbele. Gari lilipinda alikotaka, lakini likasimama kabla ya kumfikia Tabby.

Kinyua aliinuka kumsaidia. Murugi alimshika mkono wa sweta.

Bisharo alilitazama gari, akavitazama vibao. Akachukua kibao kingine cha mbele, akakiongeza mwishoni, akalirudisha gari lilipoanzia. Safari hii liligonga goti la Tabby.

"Sasa wewe uniletee," Bisharo akamwambia.