Amplifaya ya Mjaka na Pazia la Maulidi

Gando nzima ilijua kuwa maulidi hayaanzi mpaka Mzee Mjaka awashe amplifaya yake. Ilibebwa na watu wawili, na ikishapata moto ungeweza kupashia chai juu yake. Sasa Silima, fundi wa redio kutoka Wete, alileta ya klasi D, aina mpya isiyopata moto, nyepesi kama sinia tupu, na kamati ya madrasa ikataka moja tu ibaki. Mwenye mashine ndiye mwenye kiti cha fundi, kiti ambacho Mjaka hakuwahi kukiachia mtu.

"Hiyo yakata umeme vipande maelfu kwa sekunde," Mjaka alisema. "Sauti gani hiyo? Kavu kama muhogo wa juzi!"

"Basi tuzipime kwa masikio, mzee wangu," Silima akajibu.

"Ya nani?"

"Ya Bi Mize, mkeo. Atakuwa nyuma ya pazia, hataziona mashine."

Mjaka akacheka. Alijiona keshashinda.

Siku ya mazoezi, baada ya alasiri, pazia likatundikwa kati ya wanaume na wanawake. Nassor, msomaji wa madrasa, akasoma kasida moja mara mbili, Silima akibadilisha waya katikati. Kwa wanaume, mashine ya kwanza, ya Mjaka, ilijaa kifuani. Ya pili ilikuwa safi, lakini besi yake, ile sauti nzito ya chini, fupi, imebana.

"Bi Mize, ipi bora?" Silima akauliza.

"Ya pili!" wanawake wakamtangulia kujibu.

"Ya pili vipi?" Mjaka akasimama.

"Leo ndo nasikia maneno," Mize akasema. "Ile ya kwanza yavuma kama nyuki mtungini. Nassor akivuta pumzi, yenyewe yaendelea kuimba!"

Vicheko vikapasuka pande zote.

"Miaka yote hii, mbona hukunambia?"

"Ulipata kuuliza, bwana wee? Wakaa huko, wairekebisha kwa masikio yako tu."

Ilikuwa kweli. Pazia likishatundikwa Mjaka hakuvuka, wala hakuuliza. Spika ya wanawake ilikuwa imebanwa konani, na besi aliyoipenda ilirundikana huko.

Silima akanyoosha mkono kufungua waya za ile ya zamani.

"Acha," Mjaka akasema. Akazifungua mwenyewe, akazifunga kwenye ile nyepesi, kisha akabaki amesimama. Silima akakivuta kiti, akamsogezea.

"Nassor, soma. Mize! Sauti za juu hazikwaruzi huko?"

"Kidogo."

Mjaka akaketi, akazungusha kitufe.

"Bado... bado... Basi!" Mize akaita toka nyuma ya pazia. "Toa mkono."

Akautoa.