Dawa Niliyoipiga Nikiwa Mirdif

"Jecinta anasema tungoje."

Hapo ndipo nilipoanza kulichukia jina hilo. Mume wangu Linus yuko kwetu Timau. Mimi niko Mirdif, huku Uarabuni, napiga pasi kandura za sir, zile kanzu ndefu za bosi wangu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya stachi, halafu kila akifungua mdomo ni Jecinta, Jecinta!

Jecinta ni jirani, mjane, amekodi shamba linalopakana na letu. Ana duka la dawa za kunyunyizia mashamba. Na ana mwanya, Mungu anisamehe.

"Tungoje nini, Baba Lenny?"

"Kupiga dawa ya magugu. Ngano bado changa, ina majani mawili tu. Anasema mbegu yetu haivumilii dawa mapema, tungoje ianze kutoa machipukizi."

Ngano hiyo ndiyo iliyokuwa ya kunirudisha nyumbani. Nilishamwambia madam kwamba mkataba ukiisha siongezi, tukivuna tu naenda kulala kwangu, na mwanangu Lenny aache kuniita "mama wa simu". Kwa hiyo msinione nina vurugu nikiuliza maswali.

"Tuma picha," nikasema.

Picha ikaja. Shamba letu upande huu, magugu yameanza kuchungulia. La Jecinta upande ule, na ndani yake nani? Jecinta mwenyewe, bomba mgongoni, anapiga dawa! Ngano yake ilikuwa ndogo vilevile kama yetu. Na aliyempiga picha ni nani kama si mume wangu, tena kwa karibu hivyo, hadi mwanya unaonekana?

Damu ikanipanda. Kwake apige, kwetu tungoje? Tungoje magugu yatumeze mimi nikwame huku Uarabuni, yeye amkaribishe Baba Lenny chai? Asiyekuwepo na lake halipo, hilo nalijua tangu utotoni.

Barbara, Mganda anayepika humu ndani, alikuwa anamenya vitunguu huku akinisikiliza ninavyofoka. Akacheka. "Fridah, fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Hii itaua," nikamjibu, nikampigia Linus tena. "Kesho piga dawa."

"Mama Lenny, yake ni mbegu nyingine. Ile inavumilia..."

"Mke wako ni nani, mimi au yeye?"

"Ni wewe."

"Basi yalla, piga. Khalas."

Akapiga. Siku hiyo nilikula wali wa Barbara nikaongeza, nikamwambia chumvi ilikuwa sawasawa kabisa.

Picha zilizofuata nilizivuta zikawa kubwa, nikitafuta kama huyo mwanamke yumo. Hakuwemo. Ndipo nikaitazama ngano. Ya Jecinta ilikuwa imegeuka njano kidogo kwenye ncha, halafu ikarudia kijani na kuendelea kupanda. Yetu iligeuka njano yote, ikajikunyata ardhini. Wiki zikapita, ya jirani ikafika magotini, yetu haikupita kifundo cha mguu. Magugu yalikufa, ndiyo. Ngano nayo ikadumaa.

Nikapiga simu nikiwaka. "Ulizidisha dawa!"

"Nilipima vile chupa inavyosema. Dawa ni ileile aliyotumia Jecinta. Mbegu ndiyo tofauti, na nilikwambia."

"Sasa kama ulijua, mbona hukukataa? Wewe si mwanamume?"

"Ningekataa, ungelala?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Niliona heri tukose ngano kuliko wewe ukae huko ukiniwazia mabaya. Nilipiga ili upate usingizi, Mama Lenny."

Nililia juu ya ubao wa pasi. Barbara, aliyezoea kunitania, safari hii alinizimia pasi tu, akarudi jikoni.

Madam alipoleta karatasi za mkataba mpya, nilitia sahihi. Miaka miwili mingine. Nikamwambia Linus jioni ileile. Akakohoa.

"Usijali," akasema. "Tutapanda tena. Jecinta amesema atatupa mbegu ya kwake, ile inayovumilia. Na siku ya kupiga dawa atakuja mwenyewe anionyeshe. Ana roho nzuri sana, utaona."

Nikafuta machozi kwa kandura ya sir.

"Tuma picha," nikasema.