Bwawa la Ndugu Royce

Ardith Kimbrell alikuwa amemkatalia mumewe mengi katika ndoa yao, mbwa wa pili, boti, bunduki ya tatu, lakini bwawa la kuogelea hakuweza kumkatalia. Harlan alipigwa na kiharusi mwezi wa Februari, kikamwacha na miguu isiyomsikia na ulimi mzito. Mganga wa viungo aliwaambia bila kuficha: miguu hiyo ikifanyishwa mazoezi majini kila siku, mwaka huu huu, huenda ikarudi. Ikikaa tu kitini, imekwenda. Basi hapo kwao Florida, hatua chache kutoka ziwani, kila kitu kilisimama juu ya swali moja: nani atachimba?

Wa kwanza kuja alikuwa Lowell Stroud, mzee mwenye harufu ya sigara na mdomo mchafu. Hakutaka hata kuingia ndani. Alichukua sepetu, akachimba kishimo karibu na uzio, akaketi juu ya ndoo akavuta sigara yake taratibu. Ardith alimchungulia kwa dirisha la jikoni, akajisemea kwamba hapa amepata mvivu. Baadaye mzee akaita.

"Njoo uone, bi mkubwa."

Kishimo kilikuwa kimejaa maji nusu, meusi kama chai ya mkandaa, na mvua haikuwa imenyesha hata tone.

"Ziwa lenu halikai kule," Lowell alisema akielekeza kwa kidevu. "Linakaa hapa, chini ya viatu vyako. Mimi nangoja mvua ziishe, mpaka Novemba. Naweka bomba la kuyatoa maji ya chini. Ule mtaro wa nyuma hauguswi na mtu. Na bwawa likishajaa, halimwagwi. Hata kije kimbunga. Tena kikija kimbunga ndiyo kabisa."

"Novemba? Mume wangu hawezi kungoja Novemba."

"Basi tafuta mtu akudanganye. Wapo tele, na magari yao mazuri kuliko langu."

Harlan, kwenye kiti chake cha magurudumu barazani, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ardith hakucheka. Lowell alitoa leseni yake ya ujenzi bila kuombwa, kona zimeliwa na jasho la mfukoni, akamwonyesha, akaenda zake.

Katika mji ule mtu wa kanisani hutengenezewa na mtu wa kanisani. Jino likikuuma, gari likikugomea, paa likivuja, unamtafuta kwanza mwenzako wa Jumapili, na kumhoji sana ni kama kumpekua mifuko mbele ya madhabahu. Hivyo ndivyo walivyolelewa, na mara nyingi mambo huwa mazuri, ndiyo maana siku yanapoharibika huwa hakuna aliye macho.

Royce Tillery, aliyejiita mjenzi wa mabwawa, alijiunga na kanisa lao wakati wa Pasaka. Pikapu yake nyeupe ilikuwa na alama ya samaki wa Wakristo nyuma, inang'aa. Baada ya ibada, watu wakila makaroni ya jibini na kuku wa kukaanga ukumbini, alipiga magoti kando ya kiti cha Harlan, akaweka mkono juu ya goti lile lililokufa, akaomba mpaka Ardith akatokwa na machozi.

"Dada Ardith," alisema akiinuka, "kabla shule hazijafunguliwa Agosti, ndugu yetu huyu anaogelea."

Ardith alikumbuka ile leseni ya Lowell. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama Ndugu Royce naye anayo. Royce hakukasirika. Alihuzunika, jambo lililo baya zaidi.

"Dada, mchungaji wetu ulimwomba leseni ya kuhubiri?"

Akina mama wa mezani wakaangua kicheko. Ardith aliona haya mpaka shingoni, akachukua kijiko akamwongezea Royce pai ya pichi. Mwanamke aliyeendesha basi la shule miaka yote ile, asiyemwogopa mtoto wala mzazi, alizimwa na kicheko cha mezani!

"Ana... tabasamu... mno," Harlan alisema walipofika nyumbani.

"Ulitaka anune kama yule Stroud wako?"

"Stroud... kachimba."

"Na Royce kakuombea. Nyamaza ule."

Katapila lilikuja na mvua. Kila asubuhi shimo lilikutwa limejaa, na kila asubuhi pampu ilinguruma mpaka mchana. Udongo uliotoka Royce aliumwaga kwenye mtaro wa nyuma, akaushindilia, akapanda nyasi juu.

"Nimekuongezea uwanja, dada. Bure!"

Harlan alipiga mkono wa kiti chake kwa kiganja. "Mta... ro. Mtaro!"

"Ndiyo mpenzi, umekuwa uwanja," Ardith alimjibu, akampangusa mate kidevuni.

Na bwawa likaisha. Lilikuwa la buluu, zuri, haki ya Mungu lilikuwa zuri. Ardith aliingia humo kila asubuhi, amemshika mumewe chini ya makwapa kutoka nyuma, miguu ya mzee ikielea mbele yao. Wiki zikapita hivyo. Siku moja kidole gumba cha mguu wa kulia kikagusa sakafu ya bwawa na kuisukuma. Ardith alipiga yowe mpaka jirani akaja mbio akidhani pana nyoka. Siku ile Royce angemwomba nyumba, angempa.

Septemba redio ikatangaza kimbunga. Majirani waliondoka. Akina Kimbrell walibaki, kama walivyobaki kwenye vimbunga vyote tangu waoane. Walipigia mbao madirisha, na mlango wa mbele pia kwa kuwa ulikuwa wa vioo. Wao walitumia mlango wa nyuma, wenye mteremko wa kiti.

Simu ikalia. Alikuwa Lowell Stroud.

"Mmeyaacha maji bwawani?"

"Yapo."

"Yaache hapo hapo. Uzito wake ndio unalikalia lile bwawa lisiinuke. Umenisikia, bi mkubwa?"

Ardith alimshukuru kwa ubaridi, kisha akampigia Royce.

"Limwage lote!" Royce alisema. "Usipolimwaga litafurika likuingie ndani. Huyo anayekutisha ana wivu tu, dada yangu."

Nyuma ya sauti yake magari yalikuwa yanapita kwa kasi.

"Uko wapi, ndugu?"

"Nimeshavuka mpaka, niko Georgia. Tunawaombea."

Hofu ilimshika Ardith hapo, hofu ya kweli, akaijua. Alisimama mbele ya swichi ya pampu, na Harlan akamkamata kifundo cha mkono.

"Usi," alisema. Neno lilitoka safi, bila kukwama. "Usi."

Lakini Ardith alikuwa amechagua mbele ya kanisa zima. Kumkaidi Royce sasa kulikuwa ni kukiri kwamba amemkabidhi tapeli miguu ya mumewe, na kukiri huko hakukuweza. Akauondoa mkono wa Harlan kwa upole. Akawasha.

Kimbunga kiliwafikia mchana. Upepo waliuzoea. Sauti ambayo hawakuizoea ilitoka chini, mkoromo mrefu ndani ya ardhi, na vikombe vikaanza kutembea kabatini. Ardith alichungulia kwenye ufa wa mbao. Bwawa lilikuwa linapanda. Lilitoka ardhini zima zima, tupu, limeinama upande mmoja. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hili lilielea kwa sababu halikuundwa. Zege la pembeni lilibinuka, likavunja mteremko wa kiti na kuuegemea mlango wa nyuma kwa uzito wake wote.

Ardith alisukuma mlango kwa bega mpaka bega likakataa. Alikimbilia wa mbele, akagonga zile mbao kwa kiti cha jikoni. Alikuwa amezipigilia vizuri mno. Ziwa lilikuwa limevuka barabara, na pale palipokuwa na mtaro wa kulipitisha palikuwa na uwanja wa bure. Maji yaliingia chini ya milango yote miwili. Alipiga namba ya Royce, ikaita, ikaita, ikakatika. Alipotaka kupiga ya Lowell simu ilikuwa imekwisha kufa.

Maji yalipofika kwenye kiti cha magurudumu, alimtoa Harlan, akamshika chini ya makwapa kutoka nyuma, kama walivyozoea.

"Nisamehe," alisema. "Harlan, nisamehe."

"Haya," Harlan alisema, na Ardith akahisi nusu ya mdomo ule ikitabasamu shavuni pake. "Tu... ogelee."

Maji yalimwinua Harlan. Royce alikuwa ameiombea miguu ile kwa magoti, mbele ya watu. Chini, karibu na mguu wake, alihisi kidole cha Harlan kikisukuma sakafu ya korido, kwa nguvu ambayo hakuwa nayo tangu Februari. Kikasukuma tena. Mara ya tatu hakikufika chini.