Maktaba ya Hesabu na Simu ya Dada

Jumamosi, tarehe 12 Aprili 2025. Asubuhi ile Kibaha ilikuwa na manyunyu, na upande wa Ruvu ukungu ulikuwa haujainuka.

Nilikuwa nimemwahidi dada yangu Mwanajuma kwenda kumwona Kisarawe siku hiyo. Alikuwa akisumbuliwa na moyo tangu Ramadhani. Badala yake nilimwomba Mwalimu Laurean ufunguo wa darasa letu la jioni, maana kazi yangu ilitakiwa Jumatatu. Mimi nasoma vipimo vya maji mtoni Ruvu, nina miaka hamsini na mbili, na nilitaka kompyuta ibashiri kina cha mto kutokana na madaftari yangu. Programu yangu ilihitaji maktaba ya hesabu, yaani mahesabu yaliyokwisha kuandikwa na watu wengine ili sisi tuyatumie. Ile iliyo tayari iligoma kwenye kompyuta yetu ya mezani, kwa sababu ni ya zamani mno.

"Ichukue ikiwa mbichi, maandishi matupu," mwalimu alikuwa ameniambia, "uijenge mwenyewe kwenye kompyuta hiyo hiyo."

Intaneti ilitoka kwenye simu yangu. Nikasema bismillahi, nikaanza kupakua. Ilipofika asilimia themanini simu ikaita, intaneti ikakatika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeshatoka?"

"Nitakuja kesho, inshallah. Leo nina kazi ya darasani."

"Mzee mzima na madaftari," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Haya, soma."

Kabla ya kuanza upya niliiweka simu isipokee mtu yeyote, ipitishe intaneti tu, nikaiegemeza dirishani. Mafaili yalipotimia nikatoa amri ya kujenga. Mistari ikateremka kwenye kioo, mamia kwa mamia. Mara mbili kazi ilisimama kwa hitilafu. Nilisoma, nikarekebisha, nikaanza tena. Nilikuwa nimefunga zile siku sita za Shawwali, mwezi unaofuata Ramadhani, kwa hiyo hata chai haikuniondoa kitini. Niliinuka kuswali adhuhuri tu, pale pale kwenye kona ya darasa, nikamwombea dada afya.

Saa tisa kasorobo majaribio yote yakapita bila kosa. Nilisujudu kumshukuru Mungu. Ndipo nikaikumbuka simu.

Kulikuwa na ujumbe kumi na moja, wote wa Firdausi, binti wa dada. Wa kwanza ulisema, "Mjomba, mama amezidiwa." Wa mwisho ulisema, "Tunakwenda kuzika."

Nilimpigia Melkiori, mwenzangu darasani, akanipakia kwenye pikipiki yake. Tulipita Kiluvya kwenye matope.

Tulipofika, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, wameketi kwenye mikeka, miguu ina udongo mwekundu. Firdausi akatoka ndani kwa wanawake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nani alishuka kaburini?"

"Hashiru, jirani. Ndugu wa kiume wa mama ni mmoja tu, na hakupatikana."

"Nilikuwa najenga maktaba ya hesabu," nikasema, na nilipoyasikia maneno yangu nikaona aibu.

"Najua ulikuwa darasani. Mama alinizuia nisiendelee kupiga. Alisema, mwache asome. Lakini mimi nilikuhitaji. Nilikuwa peke yangu naye, mjomba. Sikujua hata nimgeuzie upande gani."

Shehe Zaidi, aliyeongoza maziko, aliinua uso. Hashiru alikuwa akitazama viganja vyake.

Nilisimama katikati ya mikeka, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani kwa wanawake:

"Firdausi, Shehe Zaidi na hawa wote ni mashahidi wangu. Ukinipigia, nitapokea. Niwe darasani, niwe wapi, kazi yote na iharibike, nitapokea."